Nyumba iliuzwa ili mtoto apate meza

Wazazi wengi wanaijua bei ya mtoto anayependa mpira wa miguu. Ni viatu, jezi, nauli ya Jumamosi na pengine ada kidogo ya akademia. Mtoto akichoka mwakani, viatu vinarithiwa na mdogo wake na maisha yanaendelea.

Uko mchezo mwingine ambao hesabu zake haziendi hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika mji wa Yixing, mashariki mwa China, baba mmoja aitwaye Ding Wenjun aliona kuwa mwanawe ana mkono usio wa kawaida anapokuwa kwenye meza ya snuka. Mtoto huyo, Ding Junhui, aliachishwa shule akiwa na miaka 11. Akahamishiwa Dongguan, kusini mwa nchi, kulikokuwa na meza nzuri na watu wa kushindana nao, akawa anacheza saa nane kwa siku. Pesa zilipokata, nyumba ya familia ikauzwa.

Mwisho wa kisa unajulikana. Aprili 2005, siku mbili tu baada ya kutimiza miaka 18, Ding alimshinda Stephen Hendry wa Scotland, bingwa wa dunia mara saba, kwa fremu 9-5 katika fainali ya China Open jijini Beijing. Desemba mwaka huohuo akatwaa ubingwa wa UK Championship kwa kumfunga Steve Davis, bingwa wa dunia mara sita, 10-6. Tangu hapo kisa cha nyumba iliyouzwa kimesimuliwa kwenye familia nyingi za China, na si baba mmoja tu aliyemtazama mwanawe na kuanza kupiga hesabu.

Kasoro ya kisa hiki ni kwamba kinasimuliwa kwa sababu kiliishia vizuri. Wale waliouza walichonacho na mtoto akaishia raundi ya kwanza hakuna anayewaandika. Ndiyo maana inafaa kuangalia pesa yenyewe inakwenda wapi, na ipi kati yake humsaidia mtoto kweli.

Binamu mkubwa wa pool

Meza za pool zilizojaa kwenye baa na vijiwe vya Dar es Salaam, Arusha na Mwanza ni binamu wadogo wa meza ya snuka. Ya pool kwenye baa kwa kawaida ina urefu wa futi saba hivi. Ya snuka ina futi 12 kwa sita, na juu yake kuna mipira 22: myekundu 15, ya rangi nyingine sita, na mweupe unaopigwa kwa fimbo. Midomo ya mashimo yake imeviringika, hivyo mpira ukigusa kona vibaya unakataa kuingia. Kwenye umbali huo, mkono ukienda pembeni kwa upana wa unywele, mpira unakosa shimo kwa upana wa kiganja.

Mchezo ulianzia India mwaka 1875, katika kambi ya maofisa wa jeshi la Uingereza mjini Jubbulpore, na anayetajwa kuwa mwanzilishi ni ofisa kijana aliyeitwa Neville Chamberlain (si yule waziri mkuu wa baadaye). Maofisa na watawala waliusambaza walikokwenda. Ndiyo sababu hata Nairobi na Kampala meza za snuka zinakutwa zaidi ndani ya klabu za wanachama zenye asili ya kikoloni, huku pool ikiwa kando ya barabara. Kijana wa mtaani anacheza pool kwa sarafu. Kuigusa meza ya snuka kwanza lazima awe mtoto wa mwanachama, au mfanyakazi wa klabu.

Uingereza kwenyewe mambo yalikuwa tofauti. Huko, kwa muda mrefu, snuka ilikuwa mchezo wa mfanyakazi.

Wachimbaji waliokatwa mishahara

Katika mabonde ya makaa ya mawe ya Wales, wachimbaji walichangia senti chache kutoka kwenye mishahara yao kujenga majumba yao ya maendeleo. Ndani ya majumba hayo kulikuwa na maktaba, ukumbi wa mikutano na, mara nyingi, chumba cha biliadi na snuka. Mtoto wa mchimbaji hakuhitaji baba tajiri. Meza ilikuwa imekwishalipiwa na kijiji kizima.

Ray Reardon alitoka katika mazingira hayo, mji wa Tredegar. Yeye mwenyewe alifanya kazi mgodini, akawahi kufukiwa na kifusi kwa saa tatu, na baadaye akawa polisi kabla snuka haijaanza kumlisha. Kati ya mwaka 1970 na 1978 alikuwa bingwa wa dunia mara sita. Terry Griffiths wa Llanelli naye alipita mgodini, kwenye mabasi, posta na kwenye kuuza bima kabla ya kuutwaa ubingwa wa dunia mwaka 1979.

London mambo yalikuwa hivyohivyo. Steve Davis alijifunza kwenye klabu ya wafanyakazi ya Plumstead Common, ambako baba yake, Bill, alikuwa akicheza. Bill hakuwa na cheti cha ukocha. Alikuwa na kitabu cha Joe Davis, bingwa wa dunia mara 15 kati ya 1927 na 1946, na subira ya kumsimamia mwanawe ukurasa kwa ukurasa. Akina Davis hao wawili hawakuwa ndugu.

Halafu ikaja televisheni ya rangi. Usiku wa fainali ya dunia ya mwaka 1985, Dennis Taylor alipomshinda Steve Davis kwa mpira mweusi wa mwisho, saa sita za usiku zikiwa zimeshapita, Waingereza milioni 18.5 walikuwa bado macho mbele ya runinga. Kumbi za snuka zilifunguliwa kila mji. Miaka iliyofuata nyingi zilifungwa: kodi za majengo zilipanda, wateja walipungua, na marufuku ya kuvuta sigara ndani, iliyoanza England Julai 2007, iliondoa sehemu ya watu waliokuwa wakikaa humo mchana kutwa. Miezi ya kufungiwa ya mwaka 2020 ikamalizia kazi kwa zilizokuwa zikichechemea. Ukumbi wa meza 20 unakula nafasi kubwa ya ghorofa, na mwenye jengo anajua kuwa nafasi hiyohiyo ikiwa ya mazoezi ya viungo au ya makazi italipa zaidi.

Kwa familia, maana yake ni nauli. Meza ambayo zamani ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu sasa iko mji wa pili, na mzazi anasubiri ndani ya gari hadi usiku.

Meza inayopigwa pasi

Hapa ndipo wazazi wengi huibiwa bila mtu kuwaibia. Wanaangalia bei ya saa, hawaangalii wanachokodi.

Juu ya meza ya snuka, chini ya kitambaa, kuna vibao vya jiwe, kwa kawaida vitano, vilivyounganishwa na kusawazishwa. Meza nzima ina uzito unaopita tani moja. Ikisogezwa, au sakafu ikititia kidogo, mpira unaopigwa polepole unaanza kupinda kwenda upande mmoja. Fundi anayejua kazi huirudisha kwenye usawa, ila fundi analipwa, na klabu inayobana matumizi humwita wateja wakishaanza kulalamika.

Kitambaa chenyewe ni cha sufu na kina manyoya yaliyolala upande mmoja, kutoka sehemu ya kuanzia kwenda upande wa mpira mweusi. Lazima kipigwe brashi kuelekea huko, kisha kipigwe pasi, kweli pasi ya moto, kuelekea hukohuko. Mpira ukipigwa taratibu kinyume cha manyoya huhama njia. Kikichakaa kinang'aa, kinakuwa na michirizi, na vidoa vyeupe vinajaa mahali mipira inapowekwa. Kwenye mashindano ya kulipwa kitambaa huwa kipya na chini ya jiwe kuna hita zinazokausha unyevu, kwa hiyo mpira unateleza kama umepakwa mafuta.

Sasa mchukue mtoto anayefanya mazoezi miaka mitatu kwenye ukumbi wa bei chee ambao kipindi cha baridi hauwashi moto. Kitambaa kimekuwa kizito kwa unyevu. Ili mpira mweupe ufike anakotaka, anapiga kwa nguvu, na mkono wake unazoea. Siku anapoingia kwenye mashindano, kila mpira mweupe unampita. Watazamaji wanasema ameshikwa na woga. Kumbe mkono wake unafanya hasa ulichofundishwa.

Mashimo nayo yana hila yake. Chama kinachosimamia mchezo kina vipimo vya kukagua upana na mkunjo wa kila shimo kwenye meza za mashindano. Klabu ya kibiashara hailazimiki kuvifuata, na mwenye klabu anajua mteja anayefunga mipira mingi hurudi kesho. Akipanua kidogo, wote wanafurahi. Mtoto anarudi nyumbani kusema amefikisha pointi 60 kwa mkupuo mmoja, baba anawapigia simu wajomba, na kwenye meza yenye vipimo halali pointi hizo zinageuka 20. Hakuna aliyedanganya. Ni meza tu iliyokuwa na huruma.

Mipira ikiwa michafu hukwama inapogongana, na ikichanganywa kutoka seti mbili tofauti haina uzito unaolingana. Taa ikiwa dhaifu upande mmoja, mtoto hujifunza kuinua kichwa ili aone vizuri, na hilo kosa kocha atakuja kulipwa kuliondoa.

Kuhusu kununua meza na kuiweka nyumbani, mkanda wa kupimia ndio unaoamua. Ili fimbo ya urefu wa kawaida izunguke pande zote bila kugonga ukuta, chumba kinahitaji takriban futi 22 kwa 16. Nyumba nyingi, za Uingereza na za kwetu, hazina chumba hicho hata ukibomoa ukuta wa kati ya sebule na chumba cha wageni. Meza ya kiwango cha mashindano huuzwa kwa maelfu ya pauni, na bado hujamlipa wa kuipasi.

Hesabu ya mwaka mmoja

Kwenye kumbi nyingi za Uingereza meza hukodishwa takriban kati ya pauni tano na kumi kwa saa, kutegemea mji na muda wa siku. Mchana wa katikati ya wiki huwa nafuu. Chukulia klabu inayotoza pauni sita. Mtoto anayetaka kufika mbali, akicheza saa nne kwa siku, siku sita kwa wiki, anatumia pauni 144. Kwa wiki 50 za mwaka ni pauni 7,200, zaidi ya Sh20 milioni za Tanzania, na hapo bado hajakutana na kocha.

Kocha wa pauni 40 kwa saa, mara mbili kwa mwezi, ni pauni 960 kwa mwaka. Halafu kuna ada za mashindano ya vijana, hoteli za mwisho wa wiki, petroli na chakula. Familia nyingi zinazoishia kwenye madeni hazikuanguka kwa kocha. Zimeanguka kwa vitu vidogo vya kila Jumamosi.

Njia ya kupunguza ipo na haina siri. Klabu nyingi huuza uanachama au kumruhusu mtoto kucheza kwa bei ndogo saa ambazo ukumbi uko tupu, kwa kuwa meza isiyo na mtu haiingizi chochote. Wengine humpa kijana meza ya bure kwa kupiga brashi meza zote na kusafisha mipira baada ya shule. Huyo anapata kitu cha ziada: anajua kitambaa kwa vidole vyake kabla hajakijua kwa fimbo.

Fimbo, kwa upande wake, ndipo mahali pasipohitaji kushindana na jirani. Hendry alinunuliwa fimbo ya pauni 40 alipokuwa mtoto, akatwaa nayo mataji yote saba ya dunia, na aliachana nayo mwaka 2003 tu, ilipovunjika kwenye mizigo ya ndege. Na meza yake ya kwanza ilikuwa ndogo, ya futi sita kwa tatu, zawadi ya Krismasi akiwa na miaka 12. Miaka minane na ushee baadaye, mwaka 1990, alikuwa bingwa wa dunia.

Kocha anayesema maneno machache

Kwa vile Bill Davis alifundisha kwa kitabu, wapo wanaosema kocha si lazima. Wanasahau kuwa baba huyo alikuwa hapo kila siku, akiangalia kitu kilekile kwa miaka. Na bado Steve Davis, hata baada ya kuwa bingwa, alikwenda kwa Frank Callan, aliyekuwa muuza samaki kaskazini mwa England na mwenye jicho la kuona kosa dogo la mkono. Hendry naye alikwenda kwake. Griffiths, baada ya kuacha kucheza, akawa mwalimu wa wachezaji wakubwa hadi karibu na mwisho wa maisha yake. Alifariki dunia Desemba 2024.

Siku hizi chama cha kimataifa cha wachezaji wa kulipwa, WPBSA, hutoa vyeti vya ukocha kwa ngazi. Cheti hakimfanyi mtu kuwa Callan. Kwa mzazi, faida yake kubwa iko mahali pengine: mwenye cheti hupitia mafunzo ya ulinzi wa watoto na uchunguzi wa kumbukumbu za makosa. Mtoto wa miaka 12 anashinda kwenye ukumbi wenye watu wazima, vileo na mashine za kamari, na mara nyingi mzazi yuko kazini. Hilo la usalama lisiwe jambo la kuulizwa mwisho.

Kuhusu mchezo wenyewe, mzazi asiyejua kitu anaweza kumpima kocha kwa jicho. Kocha mzuri siku ya kwanza huzungumza kidogo. Anamwambia mtoto aweke mpira mweupe peke yake katikati ya mstari wa kuanzia, aupige unyooke juu ya vituo vya mipira ya rangi hadi ukingo wa mbali, na urudi njia ileile. Ukirudi na kugusa ncha ya fimbo, mkono umenyooka. Ukirudi kushoto au kulia, kuna mzunguko ambao mtoto hakuukusudia, na kazi ya miezi miwili ijayo imeshajulikana. Jaribio hilo linaweza kufanywa na mtoto peke yake, bila gharama.

Baada ya hapo ataangalia miguu inaposimama, kichwa kikitulia au kikipanda mpira ukipigwa, kidevu kikigusa fimbo, na kiwiko. Atampa zoezi moja au mawili aende nayo. Mojawapo la kale ni la kupanga mipira myekundu yote 15 katika mstari mmoja wa katikati ya meza na kuona mtoto anafunga mingapi bila kukosa. Idadi inaandikwa kwenye daftari kila siku. Daftari hilo, baada ya miezi sita, linasema ukweli kuliko kocha na mzazi kwa pamoja.

Wa kuogopwa ni kocha anayebadilisha kila kitu kwa saa moja, anayeuza vifaa vyake mwenyewe, au anayetaka mtoto mara tatu kwa wiki. Jambo jipya mkononi linahitaji wiki kadhaa za kurudiwa kabla halijakaa. Anayemwita mtoto kila baada ya siku mbili anauza muda, na mara nyingi anafundisha lililo jipya kabla la juzi halijashika. Mara moja au mbili kwa mwezi zinatosha kabisa kwa wengi.

Kisichouzwa na kocha yeyote ni wapinzani. Neil Robertson alitoka Melbourne, Australia, mwaka 2003 na pauni 500 tu, akaishi Cambridge akifanya mazoezi, na mwaka 2010 akawa bingwa wa dunia. Kule kwao hakukosa meza. Alikosa watu wa kumfunga kila siku.

Sheffield, mbali na mama

Mji wa Sheffield, ambao ukumbi wake wa Crucible umekuwa nyumba ya mashindano ya dunia tangu 1977, sasa una vituo vya mazoezi ambako meza zimepangwa kwa safu, zote za kiwango kilekile cha mashindano. Ding ana kituo chake huko. Kwa ubora, ni vigumu kupata mahali bora zaidi. Vijana wengi wa China waliopata kadi ya kucheza kulipwa wamehamia humo, baadhi wakiwa hawajafika miaka 18, wakiishi nyumba za kupanga pamoja na wenzao, lugha ikiwapiga chenga.

Meza nzuri haikuwalinda. Juni 2023 tume huru iliwafungia wachezaji kumi wa China kwa makosa yanayohusu upangaji wa matokeo na kamari. Wawili, Liang Wenbo na Li Hang, walifungiwa maisha. Mmoja wa vijana alikuwa ameeleza hadharani kuwa alitishwa na Liang, aliyemzidi umri na jina. Yan Bingtao, ambaye Januari 2021 alikuwa bingwa wa Masters akiwa na miaka 20, alifungiwa miaka mitano.

Makosa yao ni yao. Lakini mzazi aliyetumia kila kitu kumpeleka mwanawe mbali anapaswa kujua kuwa kijana anayejua nyumba iliuzwa kwa ajili yake anaona aibu kupiga simu kusema ameishiwa. Mwenye pesa ya haraka humfikia kwanza.

Zhao Xintong alikuwa miongoni mwa hao kumi. Hakupanga matokeo ya mechi zake mwenyewe, lakini alihusika katika za mwenzake na alicheza kamari. Adhabu yake ilikuwa miezi 20. Alirudi Septemba 2024 akianzia chini, bila kadi ya kulipwa, na Mei 2025 akaingia fainali Crucible na kumshinda Mark Williams 18-12. Akawa Mchina wa kwanza kuwa bingwa wa dunia, na akaondoka na pauni 500,000.

Fungu hilo ni la mtu mmoja kwa mwaka. Kati ya wachezaji wapatao 128 wenye kadi, wa chini walipigania kwa miaka mingi hadi kuanzia msimu wa 2022/23 wakahakikishiwa angalau pauni 20,000 kwa msimu. Ukitoa hoteli, nauli, ada na meza ya mazoezi, kijana huyo anapata chini ya dereva wa basi wa mji huohuo. Na kuipata kadi yenyewe kupitia mashindano ya mchujo ni kazi: yalipoanzishwa mwaka 2011, kiingilio peke yake kilikuwa pauni 1,000, haijalishi umeshinda au umetolewa siku ya kwanza.

Kwa hiyo suala la shule halina mjadala mrefu kama wanavyolifanya. Shaun Murphy, bingwa wa 2005, aliondolewa shuleni baada ya kuonewa na wenzake, lakini aliendelea kusomeshwa nyumbani. Saa nne za mezani baada ya masomo zinapatikana. Saa nane ni kwa mtoto ambaye familia imeshaamua kuwa hana njia nyingine, na uamuzi huo hauwezi kuwa wa mtoto wa miaka 11.

Na kama ni binti

Mzazi wa binti ana swali moja zaidi. Mwaka 2019, Rebecca Kenna, miongoni mwa wanawake bora duniani, aliacha ligi ya mtaani kwao huko Keighley, Yorkshire, kwa sababu baadhi ya klabu za ligi hiyo zilikuwa na kanuni ya wanaume tu. Ada angeweza kulipa; mlango ndio uliokuwa umefungwa. Tangu hapo hali imebadilika kiasi: mashindano ya wanawake hutoa kadi za kucheza na wanaume, na mabingwa wake wa karibuni, Nutcharut Wongharuthai wa Thailand mwaka 2022 na Bai Yulu wa China mwaka 2024 na 2025, wanatoka nchi ambazo msichana mezani si kioja. Hata hivyo, klabu isiyo na choo safi cha wanawake bado inatoa jibu kabla haijaulizwa.

Klabu nyingi za Uingereza hutenga asubuhi ya Jumamosi kwa watoto, kwa ada ndogo, kocha akiwa ndani. Hapo ndipo pa kuanzia, na mzazi aingie badala ya kubaki garini. Aone nani anakaa karibu na watoto. Aweke mpira mmoja karibu na ukingo, ausukume polepole, aangalie unaelekea wapi. Amwombe mwenye klabu amwonyeshe pasi. Kisha aulize kitambaa kilibadilishwa lini. Mwenye kujali atamjibu kwa mwezi na mwaka, na pengine atataja jina la fundi. Mwingine atatazama dari na kusema si zamani sana.